Pumbu kulegea: usipake kitu kabla hujasoma hapa

Juzi kijana mmoja wa Kondoa kanitumia meseji usiku, "kaka pumbu zangu zimelegea zinaning'inia mpaka naona aibu kuvua nguo mbele ya demu wangu, nipake nini?" Sikulala vizuri aise, maana nilijiona mwenyewe miaka sita nyuma.

Mimi ni bodaboda, kijiwe changu Nkuhungu hapa Dodoma. Oktoba ile jua linawaka, unashinda kutwa juu ya siti ya moto, jioni nikioga naona ngozi imeshuka na ya kushoto imeipita ya kulia. Nikajua basi, uanaume ndo unaondoka. Muuzaji mmoja wa dawa akanipa ya kupaka, elfu ishirini, ukiinusa ni limao na shabu. Usiku wa tatu ngozi ikababuka, natembea nimetanua miguu, mama watoto namwambia ni joto tu. Wiki nzima sijatoka na rejesho la pikipiki linanisubiri. Inaniuma mpaka leo.

Daktari aliyetibu kile kidonda ndo akanielewesha. Mwili una nyuzi 37, korodani zinataka pungufu ya hapo kama nyuzi 2 au 3 ili mbegu zitengenezwe vizuri, kwa hiyo joto likizidi ngozi inalegea zishuke zipoe, baridi ikija inajikunja. Na kweli, Julai alfajiri natoka na koti na glavu, zimepanda zenyewe bila kupaka chochote! Moja kushuka kuliko nyenzake ni kawaida, na umri ukienda ngozi inalegea tu kama ya shingo.

Wanaume wenzangu tuache kuchomwa na hawa watu, hakuna cha kupaka. Ukicheza mpira vaa boksa inayoshikilia, sigara acha maana inazeesha ngozi, basi. Cha kuangalia ni hiki: simama ushike, ukihisi mishipa imevimba kama minyoo imejikusanya, mara nyingi kushoto, nenda hospitali, ile inaweza kuharibu mbegu. Uvimbe mgumu hata kama hauumi, nenda. Maumivu makali ya ghafla usisubiri kukuche, korodani ikijisokota una kama masaa 6 tu ya kuiokoa.

Yule kijana nilimuuliza kama inauma, akasema kushoto kunavuta akibeba magunia ya alizeti. Nimemwambia kesho asubuhi aende hospitali akapimwe, asione aibu kuvua mbele ya daktari. Nauli nimeshamtumia.