Daraja Huliwa Chini: Ushauri kwa Wanaoishi Kando ya Mto Msimbazi, Dar es Salaam

Mafuriko yakipungua, watu husogea darajani kuangalia kama limepona. Wanatazama lami, wanatazama vyuma vya pembeni, wakiona vimesimama basi bodaboda zinaanza kupita. Hapo ndipo penye hatari. Daraja la zamani huliwa chini, na maji yakishatulia jeraha lake huwa limekwisha kufunikwa.

Maji ya kasi yakigonga nguzo, sehemu yake huelekea chini, hujizungusha kwenye mguu wa nguzo na kunyanyua mchanga. Shimo huwa na kina zaidi upande wa juu, yaani mto unakotoka. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne, kwa hiyo usiku mmoja wa mvua kubwa huweza kuchimba kuliko miaka kadhaa ya mvua za kawaida. Mto ukipungua, mchanga mpya hujaa mle mle shimoni. Kwa macho pamerudi kama zamani, kumbe nguzo imezungukwa na mchanga mlegevu usioishika.

Kupima hakuhitaji mtambo, ila subirini kiangazi, maji yakiwa chini ya magoti. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 3 inatosha. Ipigeni alama ya rangi kila sentimita 25. Nendeni wawili, mmoja abaki ukingoni. Vaeni mabuti ya mpira na glavu, maana Msimbazi hupokea maji machafu ya viwandani na ya vyooni. Chomekeni nondo kwa mikono, bila nyundo: kwanza mita 5 hivi kutoka kwenye nguzo, kisha karibu kabisa na nguzo upande wa juu, halafu ubavuni. Kinachotafutwa ni tofauti. Mbali ikigoma kwenye alama ya kwanza na karibu na nguzo ikazama mita nzima, hapo palichimbwa na kujazwa upya. Andikeni kipimo na tarehe, mrudie Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli.

Madaraja madogo mengi hukatikia pale barabara inapokutana na daraja. Maji hupenya nyuma ya ukuta wa mwisho wa daraja, hubeba kifusi, lami inabaki ikielea juu ya uwazi. Gongeni kwa nondo: mlio wa mtungi mtupu maana yake gari lisipite. Ufa wa ukutani upigeni mstari wa rangi kwenye ncha zake zote mbili na kuandika tarehe. Ufa ukivuka mstari, ukuta bado unatembea.

Magogo na taka zilizonasa kwenye nguzo ziondolewe kabla ya mvua. Zinabana njia ya maji, maji yanaongeza kasi, na kasi ndiyo inayochimba. Uchimbaji mchanga karibu na daraja nao tuukatae bila kuoneana haya. Anayejaza tipa hapo anashusha sakafu ya mto, na misingi inabaki wazi. Mchanga mwingine, ule unaomomonyoka kwenye kingo za juu, huteremka hadi Jangwani ambako bonde ni tambarare, hutua na kuziba njia chini ya daraja. Mto mmoja, huku unachimbika, kule unajaa.

Matokeo yapelekeni kwa maandishi na picha kupitia serikali ya mtaa: TARURA kwa barabara za mitaa, TANROADS kwa barabara kuu. Andikeni nguzo ya ngapi, upande gani, sentimita ngapi. Mhandisi akipata hayo anajua pa kuanzia.

Maji yakipita juu ya daraja, hakuna kuvuka, hata kwa gari kubwa. Sentimita 30 zinaweza kuelesha gari dogo, 60 hubeba magari mengi. Mwingi, Kenya, Desemba 2021, basi lilijaribu kuvuka Mto Enziu uliokuwa umefunika daraja. Zaidi ya watu 30 walikufa.

Nyumbani, swichi kuu ikae juu ya alama ya mafuriko ya zamani ukutani, na izimwe kabla maji hayajafika mlangoni. Ukiwa umeshasimama majini, usiiguse. Viroba vya mchanga jazeni nusu tu, mvipange kama matofali huku mkivikanyaga; kiroba kilichojaa hakishikani na mwenzake na maji hupenya katikati.

Na wanaoishi bonde la chini waangalie mwezi. Mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, yaani bahari kujaa kuliko kawaida, na bahari ikijaa pale Daraja la Salenda, mto unapoingia baharini, maji ya mto hukosa pa kutokea. Mvua kubwa ikiangukia siku hizo, wazee, watoto na vyeti vihamishwe mapema, kungali mchana.