Herufi Ndogo ya Kiwanda: Maswali Yenu ya Sarafu za Zamani

Mwalimu, nafanya kazi dukani hapa Minneapolis. Kwenye chenji nimepata senti ya 1960 yenye D chini ya mwaka, na ndani ya hiyo D kama kuna D nyingine imejificha. Ni kosa la mtambo?

Si la mtambo, ni la mkono. Enzi hizo mihuri ya sarafu zote za Marekani, yaani vyuma vinavyochapa picha kwenye sarafu, ilitengenezwa Philadelphia, ndipo ikapelekwa viwanda vya sarafu vya Denver (D), San Francisco (S) na kwingineko. Muhuri ulikuwa na picha na maandishi yote, ila herufi ya kiwanda bado. Hiyo fundi aliiweka mwenyewe: alisimamisha kijiti cha chuma chenye D nchani, akakigonga kwa nyundo. Pigo moja mara nyingi halikutosha, na kijiti kikisogea unywele tu kabla ya pigo la pili, muhuri ulibaki na D mbili. Kila senti iliyotoka kwenye muhuri huo ilizibeba zote mbili, mahali pale pale. Mihuri ya namna hiyo ya 1960 ya Denver ni mingi, kwa hiyo bei yako itakuwa ndogo. Itunze hata hivyo. Umeshika pigo la nyundo la mtu aliyekuwa kazini zaidi ya miaka 60 iliyopita.

Nitajuaje kwamba ni herufi mbili kweli? Zangu nyingi zina kivuli.

Hapa ndipo wengi wanapotea, basi tusiharakishe. Muhuri uliolegea mtamboni hutikisika wakati wa kupiga na kuburuta chuma. Kivuli chake ni bapa, kimekaa chini kama kidaraja, kinang'aa, na mara nyingi utakiona kwenye tarakimu za mwaka pia. Hicho hakina thamani ya ziada. Herufi iliyogongwa mara mbili ina unene wake na mgongo wa mviringo, na pale ncha za herufi zinapopishana utaona mpasuko mdogo. Tumia lenzi ya kukuza mara 10, taa iwe ubavuni, uizungushe sarafu polepole. Kivuli bapa hubadilika sana mwanga unapohama, lakini herufi ya kweli hubaki na umbo lake.

Nimesikia kuna D iliyopigwa juu ya S. Inawezekanaje?

Muhuri ulikuwa umeshagongwa S, kisha ukahitajika Denver, wakagonga D juu yake badala ya kuutupa. Senti ya 1944 inayo. Ninayoipenda zaidi ni nikeli (sarafu ya senti tano) yenye picha ya nyati ya 1938, kwa sababu San Francisco haikupiga nikeli ya nyati hata moja mwaka huo. Ile S iliyofunikwa ndiyo inayotuambia kwamba mihuri ya kwenda huko iliandaliwa.

Robo dola yangu ya 1998 nayo inaweza kuwa na herufi mbili hivyo?

Hapana. Kugonga herufi kwa mkono kwenye kila muhuri kuliachwa kuanzia 1990 kwa senti na nikeli, na 1991 kwa sarafu nyingine. Tafuta za nyuma ya hapo.

Niko Mombasa. Ndugu yangu aliyeko Marekani ameonyeshwa senti kumi ya 1916 yenye D, bei yake kubwa mno. Anunue?

Asitoe pesa kabla ya kutazama D ilipokaa. Denver ilipiga senti kumi 264,000 tu za aina hiyo mwaka 1916, na matapeli hubandika D kwenye zile za Philadelphia zisizo na herufi. Lakini mkono wa fundi unatulinda: mihuri ya upande wenye D inayojulikana ni minne, na katika kila mmoja D ilikaa na kuinama kwa namna yake. D isiyolingana na mojawapo ya hiyo minne ni ya kukataa, hata muuzaji aape vipi. Aangalie pia mzingo wa herufi kwa lenzi. Mstari mwembamba chini yake ni dalili ya gundi.

Marehemu babu alituachia sarafu ya heller 20 ya 1916 yenye T. Tunaishi Tabora. T ni ya nini?

Ni ya mji wenu! Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walifunga bahari, sarafu za Ujerumani, zenye A ya Berlin au J ya Hamburg, zikaacha kufika. Wajerumani wakaanza kupiga zao Tabora, kwenye karakana ya reli, mpaka mji ulipotekwa na Wabelgiji Septemba 1916. Mihuri ilichongwa papo hapo, haikulingana: katika heller 20 kuna taji kubwa na taji dogo. Hata rupia 15 za dhahabu, zenye tembo mbele ya mlima, zina aina mbili, kutegemea nakshi ya upande wa pili inaishia chini ya T au chini ya A ya kwanza ya neno OSTAFRIKA. Na hilo neno heller ndilo tunalolitamka mpaka leo tukisema hela.

Tafadhali msiisugue kwa ndimu wala majivu. Ipigeni picha pande zote mbili kwenye mwanga wa dirishani mnitumie, tulitazame taji pamoja.