Kadi za Mkono Zisizo na Mbwembwe: Maswali ya Wasomaji

Kadi zangu za manila ya rangi hupasuka kwenye mkunjo na kuonyesha weupe wa ndani. Nikichukua karatasi nyembamba, kadi haisimami. Nifanyeje?

Usipunguze unene. Kadi inayosimama huhitaji karatasi ya gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba, na tatizo lako huenda ni nyuzi. Karatasi ya kiwandani ina nyuzi zilizolala upande mmoja: mkunjo unaokwenda sambamba nazo hutulia, unaozikatiza huvunjika. Ili uzijue zimelalia wapi, ipinde karatasi nzima taratibu bila kuikunja, kwanza kwa urefu, halafu kwa upana. Mpindo uliokuwa mlaini zaidi ndio unaofuata nyuzi.

Wengi hukosea hapa bila kujua, kwa sababu karatasi moja ya A4 inatoa kadi mbili za ukubwa uleule kwa njia mbili. Ukiikata katikati upate vipande vya milimita 210 kwa 148, kisha ukunje ile 210 katikati, kadi inafunguka kama kitabu. Ukiikata kwa urefu upate vipande vya 105 kwa 297 na kukunja ile 297, inasimama kama hema. Zote mbili zinaingia kwenye bahasha ya C6, ambayo ni milimita 114 kwa 162. Lakini nyuzi za A4 mara nyingi hufuata upande mrefu, kwa hiyo ya kwanza hukunjika vizuri na ya pili ndiyo inayopasuka. Ukiipenda ile ya hema, tafuta karatasi ambayo nyuzi zake zimelala kwa upana.

Hata hivyo, usikunje kabla ya kuchora mfereji mahali pa mkunjo. Weka rula ya chuma, pitisha kalamu ya bolipoint iliyokwisha wino mara mbili au tatu kwa mkono mwepesi. Mfereji unaacha tuta upande wa pili, na tuta hilo ndilo linalopaswa kubaki ndani ya kadi. Wengi hukunja kinyume chake. Malizia kwa kuusugua mkunjo na mgongo wa kijiko, ukiwa umetanguliza karatasi chakavu juu yake ili kadi isipate mng'ao.

Mihuri yangu ya mpira inatoa picha safi. Huu mpya wa plastiki angavu unaacha madoadoa, kama wino unaukataa.

Unaukataa kweli. Uso wa muhuri mpya wa aina hiyo huteleza, na wino hujikusanya kama matone badala ya kutandaa. Usugue kidogo kwa raba ya penseli, uufute, kisha ugonge mara kadhaa kwenye karatasi chakavu.

Namna ya kupaka wino pia ina neno. Ulaze muhuri ukitazama juu, halafu uuguseguse kwa pedi. Ukiukandamiza muhuri ndani ya pedi, wino huingia kwenye mabonde yake na mistari myembamba huzibika. Unapogonga, shuka wima, kandamiza, tulia kidogo, nyanyua wima. Kuuyumbisha ndiko kunakoleta kivuli pembeni mwa picha. Katikati pakififia, tandika sponji nyembamba ya milimita 2 au 3 chini ya karatasi.

Wino nao una tabia zake. Wino wa rangi iliyoyeyuka unaingia kwenye karatasi na kukauka upesi, unafaa kwa karatasi nyeupe laini. Wino wa chembechembe hukaa juu, unaonekana vizuri zaidi kwenye karatasi nyeusi, ila huchelewa kukauka na mkono ukipita unapaka. Kwenye karatasi inayong'aa, yote miwili itakusumbua. Hapo unahitaji wino wa kiyeyushi, yaani ule usiotegemea maji, unaoshika hata pasiponyonya. Muhuri angavu uoshe kwa maji na sabuni kidogo, na uufiche jua, kwa maana mwanga wake huugeuza rangi na kuukausha hadi ukatike.

Nimenunua poda ya dhahabu ya kuyeyusha juu ya mhuri. Nikiwasha draya ya nywele, poda yote inaruka.

Draya haifai: joto lake ni dogo na upepo wake ni mkali. Unahitaji kipulizio cha hewa moto cha kazi za mikono, ambacho hupuliza kidogo na kuchoma sana. Kiwashe pembeni kwanza mpaka kipate moto, ndipo ukielekeze kwenye kadi. Kama hunacho, pasi iliyopata moto inatosha: igusishe mgongo wa karatasi, poda ikiwa juu. Usithubutu kutumia mwali wa moto.

Mpangilio ni huu. Pitisha kifuko cha kitambaa chenye poda ya talki juu ya karatasi, ili mafuta ya vidole na umeme tuli visishike dhahabu mahali pasipotakiwa. Gonga mhuri kwa wino wa chembechembe, au ule usio na rangi unaonata. Mwagia poda papo hapo, geuza karatasi, ipige kwa kidole kwa nyuma, na iliyobaki uirudishe chupani. Chembe zilizokaidi ziondoe kwa brashi kavu. Sasa choma: poda ina sura ya mchanga, halafu ghafla inalainika na kung'aa. Ondoa joto papo hapo. Ukizidisha, inazama kwenye karatasi na kuacha alama kama ya mafuta, nayo hairekebishiki.

Nina utepe, shanga, lulu bandia na vimulimuli. Nikimaliza kadi inaonekana kama duka. Niache nini?

Acha karibu vyote. Kwenye kadi ya milimita 105 kwa 148, bandika tabaka moja la 95 kwa 138, libaki pambizo la milimita 5 kila upande. Picha ya mhuri iwe chini au juu kidogo ya katikati, na nusu ya uso ibaki tupu. Pambo liwe la aina moja: lulu tatu ndogo zilizokaa kama pembetatu isiyo sawa, au utepe mwembamba wa milimita 3. Si vyote viwili. Lulu mbili zikikaa sambamba huonekana kama macho.

Tabaka libandike kwa selotepu ya pande mbili. Gundi ya maji hukunjakunja karatasi. Na kama kadi inakwenda kwa posta, pambo nene hutoboa bahasha, basi libaki bapa.

Nachonga mhuri wa raba mwenyewe, lakini herufi zinatoka kinyume.

Chora herufi sawasawa kwa penseli laini kwenye karatasi inayopenya mwanga, ilaze kifudifudi juu ya raba na usugue kwa ukucha. Raba itapokea herufi zilizogeuka, na ukigonga zitasomeka. Chonga ukiuacha mstari wenye penseli, ukiinamisha kisu kitoke nje ya mstari kwa chini: ukuta ukichimbwa kwa ndani, herufi hukosa msingi na kukatika.