Taji la mfalme na neno Berlin kwenye bunduki moja

Bunduki ya zamani mliyoulizia, iliyokutwa kusini ikiwa na taji na neno Berlin, ni Mauser-Vergueiro ya Ureno, modeli ya 1904. Neno Berlin ubavuni ndilo linalowapoteza wengi hapa. Kiwanda kilichoitengeneza, DWM, kilikuwa cha Wajerumani kweli, lakini mteja alikuwa Ureno, na taji lile juu ya chemba (sehemu inapokaa risasi) ni la mfalme wao, Carlos wa Kwanza. Angalia pia mkono wa bolti, kile chuma kinachofunga chemba: ukifunga, unalala mbele ya daraja la chuma lililopasuliwa katikati, kama kwenye Mannlicher, bunduki za Kiaustria. Mauser ya Kijerumani ya 1898 haiko hivyo, mkono wake unakaa nyuma.

Kukutwa kusini, upande wa Ruvuma, hakunishangazi hata kidogo. Novemba 25, 1917, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck liliteka kambi ya Wareno pale Ngomano, ng'ambo ya mto Ruvuma, na askari wake wengi wakabadilisha silaha zao palepale kwa zile za Wareno.

Ila kama mtutu umefupishwa, pima kipenyo cha tundu lake kwanza. Asili yake ni milimita 6.5, Ureno ilizigeuza nyingine kuwa 7.92 miaka ya 1930. Na tafadhali, msiusugue ule mchoro wa taji kwa msasa!