Mtoto wa kilo 12 mwenye nimonia: deksitrosi 5% peke yake, hapana

Mdogo wangu, umeuliza kuhusu mtoto wa miaka miwili, kilo 12, ana nimonia, yuko kwenye oksijeni na anatapika kila anachopewa. Kabati la wodi limejaa deksitrosi 5%, yaani maji ya dripu yenye sukari tu, na wenzako wanakwambia mtundikie hiyo hadi asubuhi. Nakuomba usifanye hivyo.

Deksitrosi 5% ikiingia mwilini, sukari inatumika, yanabaki maji matupu yasiyo na chumvi. Mtoto mwenye afya angeyakojoa. Lakini nimonia, homa ya uti wa mgongo, maumivu, kutapika na upasuaji vyote huufanya ubongo umwage homoni inayoziamuru figo zibane maji. Wewe unaongeza maji, figo zinayazuia, sodiamu, yaani chumvi ya damu, inashuka, na maji yanaanza kuingia ndani ya seli. Ubongo wa mtoto umelijaza fuvu lake. Ukivimba hauna pa kwenda.

Kinachoniuma ni kwamba wodini kwetu tatizo hili linajificha nyuma ya magonjwa tuliyoyazoea. Nimeshuhudia mtoto aliyelazwa akiwa anaongea na mama yake. Kesho yake akaanza kutapika, akawa mzito wa usingizi, kisha degedege bila homa. Kila mtu akasema malaria imepanda kichwani. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, sukari ilikuwa nzuri, sodiamu ilikuwa milimoli 119 kwa lita, chini mno. Tangu hapo, mtoto yeyote wa dripu akianza kulalamika kichwa, kutapika upya au kuchanganyikiwa, naangalia kwanza chupa iliyotundikwa.

Mazoea haya yana historia. Mwaka 1957 Holliday na Segar walitoa kanuni tunayokariri sote: mililita 100 kwa kila kilo katika kilo 10 za kwanza, 50 kwa kilo 10 zinazofuata, 20 kwa kila kilo inayozidi hapo. Hesabu ya maji bado inatufaa. Lakini kiwango cha chumvi walikichukua kwenye maziwa ya mama na ya ng'ombe, yaani chakula cha mtoto mwenye afya, siyo wa kulazwa. Uingereza mwaka 2007 ilielekeza salaini (maji ya chumvi) ya 0.18%, yenye chumvi kidogo mno, iondolewe kwenye wodi za kawaida za watoto. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kikapendekeza maji yenye sodiamu inayokaribiana na ya damu kwa watoto wa siku 28 hadi miaka 18.

Kwa hiyo, kama DNS ipo, yaani salaini ya 0.9% yenye deksitrosi 5%, tundika hiyo. Kama haipo, itengeneze: chukua chupa ya mililita 500 ya salaini ya 0.9%, toa mililita 50, weka mililita 50 za deksitrosi 50%, tikisa vizuri, andika lebo. Unapata sukari ya 5% na sodiamu ya karibu 139. Mwongozo wa watoto wa Kenya unafanya hivyo hivyo kwa Ringa laktati, maji mengine ya dripu yenye chumvi, na mimi nimeutumia sana. Ila sodiamu ya Ringa baada ya kuchanganya inashuka hadi karibu 117, kwa hiyo kwa mgonjwa wa kifua au wa ubongo naipendelea salaini. Ukitumia salaini na mtoto anakojoa, ongeza potasiamu milimoli 10 kwenye chupa hiyo. Soma ampuli kabla hujaivunja, na kamwe usiisukume moja kwa moja kwenye mshipa.

Kiasi: kilo 12 ni 1000 + 100, yaani mililita 1100 kwa saa 24, karibu 46 kwa saa. Huyu wa nimonia figo zake zinazuia maji, kwa hiyo apunguziwe; mimi ningempa theluthi mbili, takriban 30 kwa saa. Kwa mpira wa matone 20 kwa mililita ni matone 10 kwa dakika. Kwa bureti (kichupa cha kupimia kinachofungwa kwenye dripu) ya matone 60 ni 30. Kama bureti ipo, itumie. Usiku sista mmoja ana watoto wengi, na chupa nzima inaweza kuisha kabla hajamrudia mtoto.

Haya siyo ya kila mtoto. Mchanga wa chini ya siku 28, mwenye utapiamlo mkali, ugonjwa wa moyo au figo, au anayeharisha maji mengi, wana taratibu zao; uliza kabla ya kutundika.

Kesho asubuhi pima sodiamu na umpime uzito. Akishika degedege usiku, pima sukari papo hapo, mtibu degedege, kisha chukua damu ya sodiamu na mwite daktari wa zamu. Ikiwa chini ya 125 anahitaji salaini ya 3%, wala usisubiri kukuche. Na kutapika kukitulia, jaribu mpira wa puani na maziwa kidogo kidogo, ukipunguza dripu kwa kiasi kile kile anachopokea tumboni.