Mpe Mumeo Kazi Nzima, Pamoja na Kuikumbuka

Mtungi wa gesi ulibadilishwa lini? Watoto wanatakiwa kumeza dawa ya minyoo lini tena? Nani anajua kwamba sare ya mkubwa imeshambana na shule zinafunguliwa Jumatatu? Katika nyumba nyingi ninazozijua hapa Dar es Salaam, majibu yote yako kichwani mwa mtu mmoja, naye ni mama. Hata pale baba anapoosha vyombo na kupeleka watoto shule, huyafanya hayo baada ya kukumbushwa.

Nazungumza kama mke mwenye ajira na watoto wawili, na nazungumza kwa sababu jambo hili limeondoa amani katika ndoa za watu ninaowapenda. Mke analalamika kwamba amechoka. Mume anashangaa, maana kila alichoambiwa amekifanya. Wote wawili wanasema kweli.

Wanasosholojia wameliangalia suala hili kwa muda mrefu. Miaka ya 1950, Mmarekani Talcott Parsons aliieleza familia kama mahali ambapo mume hutafuta riziki na mke hulea na kutuliza mioyo. Maelezo hayo hayanikai kabisa. Mama yangu alilima, aliuza maandazi alfajiri, alilipa ada, kisha akaingia jikoni, na kijijini kwetu hakuwa peke yake. Aliyenifungua macho ni Ann Oakley wa Uingereza. Aliwahoji akina mama wa nyumbani 40 jijini London, akachapisha matokeo mwaka 1974: kwa wastani walifanya kazi za nyumbani saa 77 kwa wiki. Baadaye, mwaka 2019, Allison Daminger wa Marekani alichunguza ile kazi inayofanyika kichwani, akaigawa sehemu nne: kuona mapema kwamba kitu kitahitajika, kutafuta njia za kukipata, kuamua, na kufuatilia kama kimefanyika. Wanandoa aliowahoji mara nyingi waliamua pamoja. Kuona mapema na kufuatilia ndiko kulikobaki zaidi kwa wanawake.

Nilipolielewa hilo niliacha kumgawia mume wangu vitendo. "Kanunue daftari" ni kitendo, na anayekumbuka daftari bado ni mimi. Tulikaa tukakubaliana kwamba mambo ya shule yote ni yake: ada, sare, usafiri, vikao vya wazazi, kazi za nyumbani za watoto. Mimi nikabaki na mambo ya afya. Nikajitoa kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, yeye akaingia.

Kuachia ni kugumu kuliko kugawa, hilo nawaambia wazi dada zangu. Walimu walizoea kunipigia mimi. Kila simu nilijibu, "Mwalimu, hilo analishughulikia baba yao," nikatoa namba yake. Muhula wa kwanza binti yetu alikwenda siku ya michezo bila fulana ya timu, akarudi analia. Nilitamani niichukue kazi ile irudi mikononi mwangu. Sikuichukua. Baba yake alimwomba radhi yeye mwenyewe, na tangu hapo tarehe zote za shule zimo kwenye simu yake, na hakuna anayemkumbusha. Leo ndiye aliyegundua kwamba mtoto anaogopa kusoma kwa sauti mbele ya wenzake. Mimi sikuwa nimelijua.

Kwa hiyo ukikabidhi, kabidhi kweli. Semeni mapema kiwango mnachokitaka nyote wawili, halafu usisimame nyuma yake kumkagua. Akipika wali ukawa bokoboko, uleni. Na watoto wa kiume waingizwe mapema kwenye zamu ileile ya dada zao, vyombo kwa vyombo.

Ziko nyumba ambako mazungumzo haya hayajawahi kufanyika kwa kuwa yupo dada wa kazi. Hapa naumia zaidi. Mume na mke hawajagawana chochote. Mzigo umehamia kwa msichana wa watu, mara nyingi aliyetoka mkoani, anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Anayempangia kazi, anayemlipa, na anayehangaika kutafuta mwingine akiondoka bado ni mke. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 kila wiki, na dada huyo ni mfanyakazi. Mpeni siku yake. Siku hiyo, ninyi wenye nyumba gawaneni jiko, nguo na watoto. Mtaona upesi nani anajua chumvi inakaa wapi.

Kwa mke asiye na mshahara nina neno jingine. Usikubali kuambiwa hujachangia kitu. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Iliyasema hayo ikifafanua kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, kinachohusu kugawana mali wanandoa wanapoachana. Mlijue hilo mkiwa bado mnapendana, kila mmoja aheshimu kazi ya mwenzake.

Ndugu watasema, hasa upande wa mume. Mke akijitetea, huonekana amemkalia mwanaume kichwani. Kubalianeni kwamba mume ndiye atakayewajibu watu wake, kwa adabu. Mama mkwe alipotutembelea akamkuta mwanawe anakuna nazi, aliniangalia mimi. Mume wangu akamwambia, "Mama, jiko la Jumapili ni langu. Samaki nikuungie au nikukaangie?" Mama akasema aungiwe, tukaendelea na habari za nyumbani.