Jibu: Kuvua na watoto Kilifi Creek

Kaka umeuliza kama watoto wa miaka 6 na 9 wanaweza kwenda kuvua na boti Kilifi Creek, ule mkono wa bahari unaoingia ndani pale Kilifi, pwani ya Kenya, mwezi wa Desemba, wanaweza kabisa, hiyo ni kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini-mashariki, na huko ndani hakuna mawimbi kama nje ya mlango wa creek. Ila angalia mwezi wa angani kwanza, siku za bamvua (mwezi mpya au mpevu, maji yanajaa na kupwa sana) maji yanakimbia mpaka chubwi, ile risasi ya kuzamisha ndoana, haikai chini, we subiri maji mafu, siku ambazo maji hayapandi wala kushuka sana. Wape mshipi wa mkono tu na vipande vya ngisi, changu wadogo wanadonoa fasta. Laifujaketi zijaribuni kabla hamjapanda, sisi tulipewa za watu wazima, ya binti yangu ikawa inampanda masikioni lol. Na samaki anayeitwa tafi akinasa mtoe mwenyewe, miiba yake ina sumu.